Daftari la Chamchela

Kwa miaka ishirini na miwili Yoramu Ndahani wa Haneti alilipwa mshahara wa kuua kwelea kwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka mashambani. Jua likikaribia kuzama, kundi la mamilioni likirudi vichakani baada ya kumaliza mtama wa watu, yeye alishuka na kidege chake cha injini moja hadi usawa wa miiba, akamwaga sumu, akapanda, akageuka, akamwaga tena. Asubuhi wanakijiji waliokota mizoga kwa madebe, ingawa walikatazwa. Kazi hiyo haina nishani wala wimbo. Ina sifa moja tu: anayeifanya vibaya hairudii.

Miaka mitatu iliyopita kampuni moja ilikodi kiwanja cha zamani cha ndege nje ya Kongwa ili kujaribu ndege ya roketi. Kongwa haikushtuka. Waingereza walishafika hapo baada ya Vita Kuu ya Pili, wakiwa na matrekta yasiyo na idadi, wakaja kulima karanga za kulisha kwao. Ardhi ikakauka ikawa sakafu, na wazee wanadai karanga zilizovunwa hazikufikia zile zilizopandwa. Tangu hapo mtu akishuka Kongwa na mtambo mkubwa, watu humkaribisha, humuuzia mayai, na husubiri aondoke.

Ndege yenyewe iliitwa Mbayuwayu. Ilibebwa chini ya tumbo la ndege ya mizigo hadi kilomita kumi na mbili, ikaachiwa, ikawasha roketi kwa sekunde sabini na kupanda ilikojaliwa. Mafuta yakiisha ilirudi bila injini, kama jiwe lililopata malezi. Zilipangwa safari saba za majaribio, kila moja juu kuliko iliyotangulia. Ya nane ndiyo ingevuka kilomita ya mia, mahali ambapo wakubwa wa dunia wamekubaliana kwamba hewa ya ndege imekwisha na anga za juu zimeanza.

Mkurugenzi, Daktari Gaudence, ambaye udaktari wake ulikuwa wa hesabu na si wa watu, aliwaita marubani wa mashirika ya ndege. Walisoma mkataba, wakauliza habari za bima, wakanywa soda wakaondoka. Yoramu aliuliza swali moja.

"Hiyo ya nane anarusha nani?"

"Aliyerusha saba," Gaudence alisema. "Akiwepo."

"Natia sahihi wapi?"

Mkewe Ruthu, muuguzi, aliyakuta haya yamekwisha. Nyumbani kwao Kikuyu, mjini Dodoma, alimuuliza mumewe huko juu kuna nini.

"Hakuna kitu."

"Sasa unafuata nini?"

"Ndicho hicho. Sijawahi kufika mahali pasipo na kitu."

Ruthu, aliyekuwa amekulia Chamwino na kuona mahali pengi pasipo na kitu, hakuendelea na mazungumzo. Alianza kuomba. Hakuomba mumewe afike salama. Aliomba asiende, na hakumficha mtu ombi lake, hata mchungaji.

Yoramu alikuwa na kipaji cha kuandika taarifa fupi. Safari ya pili roketi ilizimika baada ya sekunde tisa: "Roketi imezimika. Nimerudi." Safari ya tatu kioo kilipasuka akiwa kilomita thelathini na moja: "Kioo cha kulia kibadilishwe." Safari ya nne alitua gurudumu la mbele likiwa limegoma, na pua ya Mbayuwayu ikalima njia mita mia tatu. Aliandika: "Gurudumu halikutoka. Meno mawili yametoka." Gaudence alimpa wiki mbili za kupumzika na kijiko kipya, kwa sababu cha zamani kilikuwa kikubwa kwa mdomo uliovimba.

Fundi aliyemfungia mlango wa ndege kila safari alikuwa Halfani, Mnyamwezi wa Tabora. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na hawa wawili waliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko ya roketi.

"Mgogo, leo unakufa," Halfani alimwambia kabla ya safari ya nne. "Nimelegeza skrubu sita."

"Sita? Nani amekuhesabia?"

"Viatu hivyo viache hapa. Jioni nitavihitaji, na sipendi kuvua maiti."

"Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu kichwani, akampa babu yangu kitambaa ili anywe maji. Funga mlango, mpagazi."

"Haya, ombaomba. Ukifika mbinguni usinyooshe mkono, utatuaibisha sote."

Aneth, mhandisi kijana kutoka Arusha aliyesimamia kompyuta, aliwasikia wiki yake ya kwanza kazini akaandika barua ya siri kwa mkurugenzi kwamba fundi anapanga kumuua rubani. Gaudence alimrudishia na maneno mawili pembeni: "Ni watani." Aneth akaenda kuzikagua skrubu hata hivyo.

Ilikuwa safari ya tano iliyofunua nia ya kampuni. Wateja wa ng'ambo walitaka kupeleka vyombo vyao juu, na vyombo havihitaji dereva. Mbayuwayu alikuwa anafundishwa kujirusha. Siku hiyo kompyuta ilipewa kutua, rubani akaambiwa akae na mikono magotini kama bwana harusi. Mita arobaini kutoka ardhini Yoramu alikamata usukani. Sekunde mbili baadaye chamchela, upepo wa vumbi unaozunguka, ilikatiza njia, nene, nyekundu, ndefu kuliko mnara wa simu, ikalinyanyua bawa la kushoto. Mbayuwayu alitua na mbawa zote kwa sababu mkono ulikuwa umeshafika.

"Kaka Yoramu," Aneth alimuuliza aliposhuka, akiwa na karatasi za kompyuta mikononi, "umeshika kabla upepo haujaja. Vyombo havikuona chochote. Wewe umeona nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wale wa mashariki, wa mzee Joshua. Waligeuza makalio."

Hakuna chombo cha kupima makalio ya ng'ombe. Gaudence aliwakusanya wote akasema wazi, maana alikuwa mtu wa haki: "Kompyuta haijui upepo wa Kongwa. Mpaka iujue, kiti ni cha Yoramu. Ikiujua, tutaongea."

Hapo ndipo kila mtu kiwanjani alipoelewa thamani ya daftari la Yoramu.

Lilikuwa la jalada gumu, jeusi, lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na Yoramu alilibeba katika mfuko wa ndani wa koti. Katika miaka yake ya kwelea kwelea alikuwa ameandika kila chamchela aliyoiona kati ya Kongwa, Haneti na Manyoni: saa, joto, rangi ya vumbi, inakoegemea, itakaa dakika ngapi. "Vumbi jeupe huvunjika haraka, jekundu linatembea." "Mwewe wakizunguka bila kupiga mbawa, subiri kushoto kwao." "Ng'ombe wakigeuza makalio, hesabu hadi nane." Kurasa mia mbili na kumi na nne. Aneth aliliomba kwa adabu. Yoramu alisema mwandiko ni mbaya. Gaudence aliliomba kwa barua. Yoramu alijibu kwa barua kwamba mwandiko ni mbaya. Mkataba haukusema kitu juu ya madaftari.

Kisha baba yake, mzee Luka, akafariki huko Haneti, na kampuni ikatoa lori la kupeleka watu mazikoni. Halfani alipanda wa kwanza. Alikuwa na wajibu. Msiba wa Mgogo bila mtani ni kikao tu.

Alifanya yote yapasayo. Alilia kwa sauti ya kike kuwazidi wenye msiba, akaulizia nani atarithi mwavuli. Kaburi lilipokamilika aliruka ndani, akalala chali na kukunja mikono.

"Mzee Luka, sogea kidogo! Umezoea kulala peke yako tangu lini?"

"Toka humo, Mnyamwezi!" waliita wachimbaji.

"Sitoki. Kuna ubaridi mzuri. Leteni kuku kwanza."

Wakaleta kuku. Akatoka, akajifuta vumbi, na akipita mbele ya Yoramu akamkumbatia kwa huzuni kubwa na kuchomoa daftari mfukoni mwake. Akalinyanyua juu.

"Nimekamata mateka! Hili halitoki mkononi mwangu bila jogoo. Mwekundu! Mwenye kilemba kamili!"

Waombolezaji wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Yoramu naye akacheka, mara ya kwanza kwa siku tatu. Mtani akikamata chako kwenye msiba hukasiriki, hunyang'anyi, hudai. Unakikomboa. Na kuna sheria nyingine isiyotamkwa: anayekimbilia kukomboa ameonyesha kwamba ameumia. Mshindi ni anayemwacha mtani akae na mateka wake hadi achoke kumlinda.

Shangazi yake, bibi Anyesi, alimvuta kando. "Mwanangu, majogoo wapo hapo bandani. Chukua mmoja ukomboe hicho kitu chako leo."

"Shangazi, mwache ateseke nalo. Kwanza kusoma kwenyewe hajui."

Halfani alikuwa na cheti cha ufundi mitambo na alisoma gazeti kila asubuhi, lakini utani hauna sehemu ya kuhakiki habari.

Yoramu alimwacha ateseke kwa siku tisa. Katikati alirusha safari ya sita, kwa mkono wake mwenyewe, hadi kilomita sabini na nane, akatua kati ya chamchela mbili. Halfani alimfungia mlango.

"Jogoo yuko wapi?"

"Anasoma. Akimaliza darasa la saba atakuja akufundishe."

Siku ya tatu ya siku hizo tisa, saa ya chakula, Halfani alipanda juu ya sanduku karakanani na kuanza kusoma daftari kwa sauti ya mchungaji.

"Somo linatoka katika kitabu cha Yoramu, sura ya ng'ombe! 'Wakigeuza makalio, hesabu hadi nane!' Ndugu zangu, huyu ndiye mnamwamini na roketi! Mtu anaongozwa na makalio!"

Mafundi walicheka wali ukawatoka. Aneth peke yake aliacha kula.

"Halfani, naomba nilipige picha."

"Lote?"

"Lote."

Halfani alifikiri, au alionekana kufikiri. "Piga, dada. Si langu."

Alipiga kurasa zote kabla chai haijapoa. Miezi miwili baadaye Halfani alipandishwa cheo kuwa fundi mkuu. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Barua ya kupandishwa cheo ilisema hivyo, aya ya pili, bila mtu kuuliza.

Siku ya tisa Yoramu alileta jogoo. Alikuwa mwekundu kweli, wa kutoka Haneti, amefungwa miguu kwa utepe. Kazi ilisimama. Halfani alimkagua jogoo mdomo, mbawa na nyuma, akalalamika kwamba amekonda kama aliyemfuga, akalipigia magoti daftari na kulikabidhi kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Gaudence alitoka ofisini kuangalia, akatabasamu, akarudi ndani.

Safari ya saba ilifika kilomita themanini na nane. Wakati wa kurudi Yoramu aliagizwa tena aweke mikono magotini. Akiwa juu ya njia aliwaona ng'ombe wa mzee Joshua wakigeuka. Akaanza kuhesabu. Alipofika tano Mbayuwayu, bila kuguswa, aliinamisha bega la kushoto kidogo, akachelewa, akaiacha chamchela ipite mbele ya pua, akatua nyuma yake kwenye hewa iliyotulia. Kamera ziliona ng'ombe, mwewe na rangi ya vumbi. Zilikuwa zimefungwa puani mwa ndege wiki moja kabla, na hakuna aliyemwambia Yoramu ni za nini.

Kamera ya ndani ilionyesha mkono wake wa kulia ukiwa vidole vinne kutoka kwenye usukani kwa sekunde kumi na moja. Angeweza kuushika. Angesema kompyuta imekosea, na nani angembishia? Wangerudi mezani mwaka mzima, na kiti kingebaki chake. Lakini kompyuta haikukosea. Ilikuwa inafanya kile ambacho angefanya yeye, kwa wakati uleule, na rubani hamnyang'anyi usukani anayerusha sawasawa. Aliandika: "Imetua vizuri. Sina la kurekebisha."

Gaudence alimwita siku iliyofuata, akamtolea kiti, akamwagizia chai ya maziwa. Alikuwa ameishika ile taarifa.

"Nimeipenda sana hii," alisema. "Wateja wameipenda. Hasa hili neno, sina la kurekebisha."

"Ya nane ni yangu."

"Nilisema mpaka ijue upepo."

"Imeujua wapi?"

Gaudence alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Kwako, kaka. Kila mtu anajua ni kwako. Tutakutaja."

Yoramu alikwenda karakanani. Halfani alikuwa chini ya bawa.

"Umeniua," Yoramu alisema.

"Mbona hunuki bado?"

"Sikutanii. Umewapa daftari langu."

Halfani alitoka chini ya bawa akamtazama. Kwa miaka mitatu walikuwa hawajaambiana jambo moja la kweli, na hakuna kati yao aliyejua linaanzia wapi. Alijaribu. Kisha akasema kile alichokijua.

"Mgogo umelia mapema. Ningekuletea sanda."

Yoramu alipanda pikipiki hadi Haneti kushtaki kwa wazee wa ukoo. Bibi Anyesi alimsikiliza hadi mwisho, akichagua mawe kwenye uwele.

"Alilichukua msibani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbele za watu, kwa utani?"

"Ndiyo. Lakini aliwaonyesha—"

"Jogoo ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akala?"

"Alikula."

Akapuliza makapi. "Basi umelipa, yamekwisha. Mtani hashitakiwi, na kilichokombolewa hakidaiwi. Ungekuja kabla ya jogoo, tungekaa. Karibu ugali."

Huko Kikuyu, Ruthu alisikia habari akaenda kanisani Jumapili na kutoa sadaka ya shukrani. Alisimama mbele ya usharika na kusema Bwana amejibu. Wanawake walipiga vigelegele. Yoramu alikaa benchi la tatu, amevaa tai, na watu wakageuka kumpa mkono wa pongezi.

Kiti hakikuweza kupanda kitupu, kwa kuwa Mbayuwayu alipimwa akiwa na uzito wa mtu. Aneth aliagiza gunia la mchanga wa korongo, kilo sabini na moja, uzito wa Yoramu baada ya kifungua kinywa. Vipimo vya joto na mtikiso vilikuwa vimeshonwa ndani ya suti ya rubani, nayo ilikuwa moja, kwa kimo chake. Kwa hiyo gunia lilipaswa kuvaa.

"Kaka Yoramu," alisema Aneth bila kumtazama, "tumejaribu mara mbili. Mikanda inatuchanganya. Kama hutajali."

Hakujali, au alisema hivyo. Aliligawa gunia katika miguu na mikono, akalivalisha, akafunga mikanda, akalisawazisha shingo. Ilichukua dakika arobaini. Kwa yeye mwenyewe ilikuwa ikichukua ishirini na tano, lakini yeye alikuwa akisaidia.

Siku ya safari ya nane walikuja wageni wa Dodoma kwa magari meupe, wakakaa chini ya turubai na kupewa maji ya chupa na korosho. Ndege ya mizigo iliachia mzigo wake. Moshi ukachora mstari mweupe ukanyooka kwenda juu, na spika zikaanza kutaja kilomita. Sabini. Themanini na nane. Tisini na tano. Yoramu alisimama nyuma ya turubai pamoja na madereva, macho hayakuwa angani. Alikuwa anaangalia ng'ombe. Spika ziliposema mia na nne, watu wakasimama na kupiga makofi, na kwaya, iliyokuwa imeelekezwa isubiri ishara, ikaanza bila ishara.

Mbayuwayu alirudi saa saba na robo. Ng'ombe wakageuka. Aliinamisha bega la kushoto, akachelewa, akatua. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuhesabu.

Mgeni rasmi alitaka kumshika mkono rubani. Alielezwa kwamba kitini kuna gunia, akacheka, akaomba kuliona hata hivyo. Wakafungua mlango wakalionyesha gunia, likiwa limekaa wima katika suti yenye jina NDAHANI kifuani. Wapiga picha walifanya kazi yao. Mgeni alipogeuka alimkuta Yoramu amesimama pembeni ya ngazi, amesukumwa hapo na mtu aliyeona ingekuwa vyema.

"Na huyu ni nani?" mgeni aliuliza.

Gaudence alikuwa anatafuta maneno yanayotosha bila kuzidi. Fundi mkuu hakutafuta.

"Huyu, mheshimiwa, ni mdogo wake gunia," Halfani alisema. "Hajafika popote, lakini tunamlisha."

Turubai zima lilicheka. Kisha likageuka kumwangalia Yoramu, maana utani usiojibiwa ni ugomvi, na pale palikuwa na wageni. Yoramu alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mahali pa kutua. Akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, kwa muda unaotosha, na mgeni rasmi akasogea kumpa mkono aliyefuata.